Jaribio la Arobaini na Moja

Taa ya ukutani ilikuwa kijani, na hilo peke yake lilitosha kumfanya mtu aketi kwa raha. Ilikuwa taa ndogo ya plastiki, haizidi kikombe, imepachikwa juu ya mlango wa ofisi ili kila anayeingia aione. Majaribio yote ya programu yakipita, inawaka kijani. Likianguka hata moja, nyekundu. Bosi aliinunua mwenyewe na kuipachika mwenyewe, amesimama juu ya kiti cha magurudumu huku wafanyakazi wake wamekikamata kisije kikakimbia naye. Tangu siku ile wakamwita Bwana Kijani, naye akalipokea jina hilo kama mtu aliyepandishwa cheo.

Ilikuwa Alhamisi. Jumatatu programu ingekwenda hospitalini, kwenye wodi ya watoto. Nesi alitua mkoba wake, akafumba macho kama alivyofanya kila asubuhi kabla ya kugusa kompyuta, akamwomba Mungu amwonyeshe kilichopo na wala si kile anachotaka kukiona. Kisha akaanza kupitia matokeo ya usiku, na hapo akaona kitu kidogo kilichomkera. Jaribio la arobaini na moja lilikuwa limechukua karibu dakika tatu. Halikupaswa kufika hata mbili.

Mtu mwingine angepita tu, taa si kijani? Lakini yule mama alikuwa muuguzi miaka kumi na tisa kabla ya kwenda darasa la jioni, tayari ana mvi, kujifunza kazi hii ya kuzijaribu programu, na ndiyo maana ofisi nzima ilimwita Nesi. Wodi ilikuwa imemfundisha kwamba mgonjwa anayechelewa kuitikia salamu ana sababu yake. Akafungua kumbukumbu ndefu, ile isiyosomwa na mtu kwa kuwa ina maelfu ya mistari ya maandishi madogo, akaishuka taratibu, kidole kwenye skrini.

Limeanguka. Limeanguka. Limepita.

Na chini yake, kwa herufi kubwa: Matokeo, limepita.

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa, akaivaa tena. Maneno yalikuwa yale yale. Akaenda kwenye kumbukumbu ya jana: limeanguka, limepita. Ya juzi: limeanguka, limeanguka, limepita. Akarudi nyuma siku kumi na saba za kazi. Katika siku kumi na moja kati ya hizo, jaribio lile lilikuwa limeanguka kabla ya kupita, na katika siku zote kumi na saba taa ilikuwa imewaka kijani, na yeye alikuwa ameketi chini yake anakunywa chai.

Hasira ilianzia tumboni. Ikapanda kifuani, ikafika masikioni, ikakaa huko inavuma.

Sasa, jaribio la arobaini na moja lilikuwa nini? Programu yenyewe ilikuwa ya kupima dozi. Muuguzi anaandika uzito wa mtoto, anachagua dawa, programu inamwambia ampe mililita ngapi. Ili kujua kama inafanya kazi, walikuwa na roboti, yaani programu nyingine inayojifanya mtu: inafungua ukurasa, inabofya, inaandika, inasoma jibu. Roboti hiyo ilikuwa na majaribio sitini. La arobaini na moja Nesi alilibuni mwenyewe. Roboti inaandika kwamba mtoto ana kilo kumi na tisa. Inatazama dozi. Inajifanya imeshtuka, inarudi nyuma, inasahihisha: kilo tisa. Inatazama dozi tena. Ikiwa dozi ya pili ni ya kilo tisa, jaribio limepita. Ikiwa bado ni ya kilo kumi na tisa, limeanguka, na huko wodini mtoto wa kilo tisa anapewa dawa zaidi ya mara mbili ya anayostahili.

Limeanguka. Limeanguka. Limepita.

Alisimama, akamwendea Fundi Kimya. Huyu ndiye aliyeiandika programu yenyewe, mtu wa miaka arobaini hivi, mpole, aliyeweza kumaliza wiki nzima akiwa amesema maneno ishirini, kumi yakiwa salamu. Nesi aliinama begani kwake, akamwekea kidole kwenye mstari mmoja wa mipangilio ya roboti. Mstari ulisema: likianguka, rudia, mwisho mara tatu, likipita mara moja, limepita.

"Hii mara tatu ni ya nani?"

Kimya alitazama skrini, akatazama kikombe chake, akarudi kwenye skrini.

"Ya bosi," alisema. "Lakini mikono ni yangu."

Akamweleza, kidogo kidogo, kama mtu anayetoa mwiba. Wiki sita nyuma roboti ilikuwa ikianguka ovyo kila siku. Ukurasa unachelewa, kitufe hakijachorwa, roboti inabofya hewa, basi taa nyekundu. Siku moja Bwana Kijani alikuwa na wageni kutoka hospitalini, nao wakaikuta taa inawaka kama jicho la mlevi. Walipoondoka akaagiza roboti ipewe nafasi ya pili, na ya tatu, kwa majaribio yote sitini.

"Na hukuniambia."

"Nilidhani unajua. Halafu nikaona hujui. Halafu nikaona aibu, dada."

"Mimi ningempima mtoto joto mara tatu," Nesi alisema, sauti yake imeshuka badala ya kupanda, na waliomjua waliiogopa sauti hiyo, "nikaandika kwenye faili ile ninayoipenda. Ungeniitaje?"

Masikio ya Kimya yalikuwa yamebadilika rangi.

Hata hivyo alijaribu kujitetea, na utetezi wake ndio ulioipindua siku nzima. Alisema tatizo ni uzito wa roboti: kompyuta inapolemewa na kazi, roboti inachelewa, na ikichelewa inaanguka. Nesi akamwambia atazame muda. Walitazama wote wawili, vichwa vimekaribiana. Kila mara jaribio lilipoanguka, roboti ilikuwa imechukua sekunde arobaini. Kila mara lilipopita, ilikuwa imechukua dakika moja na nusu. Haikuwa inaanguka kwa kuchelewa. Ilikuwa inapita kwa kuchelewa. Roboti ikiwa nyepesi, dozi ni ya mtoto mwingine kabisa. Ikijikongoja, dozi ni sahihi.

Kimya aliinuka nusu, akaketi tena.

"Akiba," alisema.

Akafungua msimbo, yale maandishi ambayo programu imejengwa nayo, akamwonyesha. Ili programu iende haraka, kikokotoo cha dozi hakikuuliza daftari la uzito kila mara. Kilichukua uzito mara moja, kikaufanyia nakala na kuuweka akiba kwa sekunde thelathini. Ndani ya sekunde hizo, hata muuguzi asahihishe, kikokotoo kiliendelea kusoma nakala ya zamani. Roboti inayojikongoja ilifika baada ya nakala kufutwa. Muuguzi mwenye watoto ishirini na wawili wodini hajikongoji. Nesi alijua, kwa miguu yake mwenyewe, kwamba kutoka kwenye uzito hadi kwenye dozi ni sekunde tano.

Aliuliza kama kuna namna ya kulithibitisha hilo bila roboti, bila skrini, bila kubahatisha. Hapo Kimya alitazama huku na huku, akafungua kabrasha moja kwenye kompyuta yake kama mtu anayetoa sigara mafichoni. Ndani yake mlikuwa na zana mbili za kujaribia ambazo ofisi ilikuwa imeamua kutozitumia. Ya kwanza ilikuwa ya vipande: inachukua kipande kimoja cha programu, kikokotoo peke yake kwa mfano, inakiuliza swali na kulipima jibu. Ya pili ilikuwa ya maungio: inachukua vipande viwili, inaviunganisha, inatazama kama vinaelewana. Kimya alikuwa akizichezea kwa siri saa za chakula.

Iliwachukua saa moja na robo. Kikokotoo peke yake, kikipewa kilo tisa, kilitoa dozi ya kilo tisa. Daftari peke yake, likisahihishwa, lilisahihishika. Kisha wakaviunganisha, wakasahihisha uzito na kuuliza dozi papo hapo. Likaanguka. Kimya akaliendesha mara thelathini, na mara zote thelathini likaanguka, kila mara kabla hata mtu hajapepesa jicho.

Matofali yalikuwa mazima yote mawili. Udongo katikati yake ndio uliokuwa mbovu, nao wiki sita nzima walikuwa wamekodoa macho kwenye rangi ya ukuta.

Bwana Kijani aliwapokea kwenye chumba cha vioo saa sita. Mbele yake palikuwa na hati ya majaribio, karatasi moja inayokwenda hospitalini pamoja na programu. Ilikuwa na mistari mitatu ya sahihi: aliyeitengeneza, aliyeijaribu, msimamizi. Mstari wa msimamizi ulikuwa umekwisha kujazwa, kwa wino wa kijani.

"Karibu, mama. Keti."

"Nimekaa tangu asubuhi, bosi. Acha nisimame."

Alimwambia yote, kwa mpango, kama muuguzi anavyokabidhi zamu. Alimwambia kwamba programu haiwezi kwenda Jumatatu. Alimwambia pia kwamba amri ya mara tatu ifutwe leo hii, na kwamba kuanzia sasa wachague zana tatu badala ya moja: ya vipande kwa hesabu za dozi, ya maungio kwa mahali vipande vinapokutana, na roboti ibakiziwe safari chache tu za mwanzo hadi mwisho, zile muuguzi anazozifanya kila siku. Roboti, alisema, inakuambia nyumba inavuja. Haikuambii ni bati gani. Na kwa kuwa ni nzito na inaudhi, mnaizoea, halafu mnaanza kuisamehe.

Bwana Kijani alimsikiliza hadi mwisho, maana alikuwa na adabu, na adabu yake ndiyo iliyokuwa ikiudhi kuliko kelele. Tena tuseme kweli, hakujibu upuuzi. Alisema wao ni watu wanne. Zana tatu ni lugha tatu za kujifunza, na kila programu ikibadilika watabadilisha majaribio mahali patatu. Alisema hospitali hainunui vipande wala maungio, inanunua kile inachokiona kwenye skrini, na roboti ndiyo pekee inayokiona kama muuguzi anavyokiona. Kuhusu sekunde thelathini, hakukataa kwamba ni kasoro. Wangeitengeneza baada ya kukabidhi, toleo jipya lingetoka ndani ya wiki mbili.

"Hizo wiki mbili mtoto atakuwa anangoja toleo jipya?"

"Hapa si wodini, mama."

Basi hapo hasira iliyokuwa ikivuma masikioni ilipata mlango. Nesi aliweka viganja vyote viwili juu ya meza.

"Mimi niliandika kumi na tisa mahali pa tisa. Mimi, kwa kalamu yangu, mwaka wangu wa kwanza kazini. Dada yangu alikuwa zamu na mimi. Aliishika sindano ikiwa mkononi mwangu, imekwisha kugusa ngozi. Wewe mwanangu unaniambia hapa si wodini. Jumatatu saa mbili asubuhi hapa ni wodini."

Kimya, kwenye kona, alikuwa ameinamisha kichwa. Bwana Kijani akafungua daftari lake, akarudi nyuma kurasa nyingi, na akasoma kwa upole ule ule. Ilikuwa kumbukumbu ya kikao cha miezi sita nyuma. Fundi alipendekeza zana tatu. Bosi aliuliza maoni ya mjaribu. Mjaribu alisema zana ya skrini inatosha, kwa sababu muuguzi haoni vipande, anaona skrini.

"Maneno mazuri," alisema. "Ndiyo ninayoyatumia hadi leo. Nilidhani ni ya kwako."

Akasukuma mbele yake karatasi na kalamu.

Nesi alitoka nje. Hakubamiza mlango, ulikuwa wa kioo na ungevunjika, na alijua hivyo kwa sababu aliutazama kwanza kuona kama ungeweza kubamizwa.

Ngazi za nyuma zilikuwa hazipitwi na mtu saa za chakula. Alikaa kwenye ngazi ya nne, magoti yamekutana, mikono imebanwa katikati. Alitaka kuomba, akakuta hana maneno, ana meno tu. Alikuwa ameyasema, ndiyo. Na katika maneno yale mazuri hapakuwa na hata moja la kweli. Kweli ilikuwa hii: zana ya vipande ilimtaka mtu asome msimbo. Darasani, jioni zile, somo la msimbo ndilo lililomtoa jasho. Aliketi na vijana wenye umri wa wanawe, wanaandika mistari kumi yeye akiwa bado anatafuta alama ya mabano, na mara mbili alirudishiwa kazi yake ina wekundu juu hadi chini. Roboti ya skrini ilimhurumia. Roboti ilikuwa inabofya na kusoma, kama yeye. Kwa hiyo siku ya kikao aliogopa, akaivalisha hofu yake koti la hekima, na bosi akalipenda koti.

"Mungu wangu," alisema mwisho, kwa sauti, maana hapakuwa na wa kumsikia. "Hasira hii nilikuwa nataka kumpelekea yeye yote. Nusu ni yangu. Nipe nguvu ya kuibeba nusu yangu, na hiyo nyingine usiiondoe bado. Nina kazi nayo."

Akakaa pale mpaka pumzi ikarudi mahali pake. Hakusikia jibu. Lakini alipoinuka alikuwa anajua atakachoandika.

Chumbani wale wawili walikuwa wangali wameketi kama alivyowaacha. Nesi aliketi, akaivuta hati. Kwenye nafasi iliyoachwa juu ya mstari wa mjaribu, nafasi ambayo tangu ofisi ianze hakuna aliyewahi kuijaza, aliandika kwa mwandiko wake wa wodini, mkubwa na wa kusomeka: Jaribio la 41 limeanguka. Uzito ukisahihishwa, dozi hubaki ya zamani kwa sekunde thelathini. Zana nilizochagua mimi hazikutosha kuligundua mapema. Isitumike kwa wagonjwa. Kisha akaweka sahihi na tarehe.

Bwana Kijani aliisoma. Adabu ikamtoka usoni, na kwa mara ya kwanza Nesi akamwona alivyo, mtu mwenye hofu aliyeahidi tarehe. Alisema ataichapisha nyingine. Alisema mstari wa mjaribu unaweza kusainiwa na msimamizi ikiwa mjaribu hayupo, na kwamba mjaribu anaweza kabisa kutokuwepo. Alisema ofisi hii ilimchukua akiwa na cheti cha darasa la jioni ambacho ofisi nyingine zilikitazama zikacheka. Hilo la mwisho alilisema huku anatazama pembeni.

"Mstari wa kwanza ni wangu," alisema Fundi Kimya.

Wote wawili walimgeukia.

"Chapisha nyingine, bosi. Huo sitausaini."

Hayo yalikuwa maneno mengi kwa siku moja, naye akarudi kimya kama mtu aliyemaliza mshahara.

Bwana Kijani hakupiga kelele. Alichukua simu, na mbele yao akapiga hospitalini, akasema kuna kuchelewa kidogo kutokana na sababu za kiufundi upande wa mtandao, hakuna la kutia wasiwasi, samahani sana. Akakata, akaondoka. Kwenye korido walimsikia anakipiga teke kikapu cha takataka, kisha anakiinua na kukirudisha mahali pake.

Upande wa mtandao. Nesi alilirudia neno hilo mdomoni kama dawa chungu. Mkuu wa wodi ile ya watoto, aliyengoja programu ile miezi sita, alikuwa dada yake, yule yule wa sindano. Kesho angewaambia wauguzi wake kwamba tatizo ni nyaya. Nesi alishuka tena kwenye ngazi, akapiga simu.

Dada mtu alipokea akiwa amekwisha kufura. Habari ya kuchelewa ilikuwa imeshamfikia. Alisema wodi ina wauguzi watatu badala ya sita, kwamba amewapanga wote mafunzo ya Jumatatu, amemnyima mmoja likizo ya kwenda kumzika shangazi yake, na sasa anaambiwa mtandao. Aliuliza kama hao watu wa ofisini kwao wamewahi kukesha na mtoto hata mmoja. Nesi alimwacha aseme. Yeye ndiye mdogo, na isitoshe alistahili kukemewa.

"Si mtandao, dada," alisema alipopata nafasi. "Ni sisi. Na ni mimi."

Akamweleza: kumi na tisa, tisa, sekunde thelathini, na alichokiandika kwenye hati ya majaribio. Akamweleza na kikao cha miezi sita nyuma, na kwa nini alisema alichosema. Hakujipaka mafuta. Upande wa pili kigari cha dawa kilisikika kikipita kwa mbali.

"Ulikuwa unajua kuna njia nyingine, ukaikimbia kwa sababu ni ngumu," dada yake alisema.

"Ndiyo."

"Wewe."

"Ndiyo, dada."

"Nitakukasirikia," dada yake alisema, kwa utulivu, kama mtu anayepanga ratiba. "Nitakukasirikia muda mrefu. Ila wangeileta Jumatatu bila wewe kuniambia, nisingekuwa na ndugu. Ikiwa tayari, lete. Ikiwa haiko tayari, nitapima kwa jedwali langu la ukutani kama nilivyopima miaka yote." Akakata bila kuaga.

Jumatatu, siku ambayo programu ingekuwa wodini, Bwana Kijani aliitisha kikao. Hakumtazama Nesi machoni, wala hakuomba radhi, na Nesi hakuzingoja. Hospitali ilikuwa imepiga simu Ijumaa ikitaka kuiona hati ya majaribio, ile yenye mwandiko, na mtu wa hospitali aliyepiga alikuwa mwanamke asiyesikiliza visingizio. Bwana Kijani akasema amri ya mara tatu imefutwa. Akasema zana zitakuwa tatu. Fundi atashika maungio na roboti. Kuhusu vipande, kikokotoo kina hesabu mia na zaidi, na kila moja inataka jaribio lake, na kwa kuwa mjaribu ndiye aliyezitaka zana tatu, mjaribu ndiye atakayeyaandika, kwa msimbo, ndani ya wiki mbili.

Alilisema kama adhabu. Nesi alilipokea kama adhabu, akaandika kwenye daftari lake: wiki mbili.

Kimya alimvutia kiti kando ya chake. Asubuhi yote iliishia kwenye mistari minne. Mara ya kwanza ilikataliwa kwa sababu ya mabano, ya pili kwa sababu ya nukta, na mara ya tatu Nesi aliisukuma kibodi na kusema jambo ambalo ilibidi alitubu papo hapo. Kimya hakumshikia mkono. Aliweka tu kidole mahali kosa lilipo, akakiondoa, akaendelea na kazi zake. Saa tano na nusu mistari minne ilikubali. Kikokotoo, mtoto ana kilo tisa, dawa ni hii, dozi iwe hii. Akabofya. Jibu likaja kabla hajainua kidole. Limepita.

Hakushangilia. Aliitazama mistari yake minne kwa muda, kisha akaanza kuifikiria kama mtu aliyesimama zamu masaa kumi na mbili, ambaye miguu imevimba, ambaye anaitwa kutoka vitanda viwili kwa pamoja. Mtu huyo anafungua ukurasa, anasahau kuandika uzito, anabofya. Nesi akafuta tisa, akaacha nafasi wazi, akabofya.

Kikokotoo hakikulalamika. Hakikuuliza uzito uko wapi. Kilitoa mililita sifuri, na pembeni yake, kwa ukarimu, kikaandika: dozi sahihi.

Hasira ilimpanda upya, yote, kutoka tumboni hadi masikioni.

"Kimya," alisema. "Sogeza kiti. Njoo uone upuuzi wako huu."